Wasifu wa Mwalimu Kitambaa, Usomwe na Kaka Yake Bila Kuruka Mstari

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi mliofika kumsindikiza marehemu, wasifu huu unasomwa kwenu na kaka yake mkubwa, kama ilivyo kawaida ya familia hii. Yeye ndiye aliyesoma wa baba, akasoma wa mama, akasoma na wa shangazi ambaye hawakuelewana hata kidogo, na kila mara aliusoma vizuri, kwa ile sauti yake nzito isiyohitaji kipaza sauti. Tangu utotoni nyumbani walimwita Msemaji. Maneno yenyewe yaliandikwa na marehemu mwenyewe, kwa kompyuta, kwa vidole vyake vyote, isipokuwa sehemu ya ugonjwa na kifo ambayo iliandikwa na binti yake. Alijiandika kama anavyoandikwa mtu mwingine kwa sababu ndivyo wasifu unavyotakiwa kuwa, na aliuandika mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu yeyote na koma zake. Nakala mnazo mikononi. Mnaombwa kufuatilia kwa macho wakati msomaji anasoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1953, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mwashi na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Walikaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, na vumbi la mbao liliingia hadi kwenye chumvi. Alichelewa kusema. Wenzake walipokuwa wanaimba yeye alikuwa bado anaonyesha kwa kidole, kwa hiyo kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka mitatu, ndiye aliyemsemea. Dada anasema ana kiu. Dada anasema viatu vinambana. Wazazi walifurahi kuwa na mtoto mwenye moyo wa namna hiyo.

Siku moja jirani alileta kipande kimoja cha keki iliyobaki kwenye sherehe, akauliza ampe nani. Kaka akajibu kabla swali halijaisha: "Dada anasema hapendi keki. Nipe mimi." Akaila pale pale, na dada akiwa ameshanyoosha mkono. Kisa hicho kimechekesha familia kwa miaka mingi, na marehemu naye alikicheka. Anaomba mkicheke na leo, ila msikisahau, maana kitarudi.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wasichana, ambako alifanya vizuri katika lugha na akapita kwa shida katika hesabu. Januari 1972 aliingia chuo cha uhazili. Darasa lilikuwa ukumbi mrefu wenye madirisha yasiyofunguka, na ndani yake mashine za chapa zimepangwa kwa safu, kila moja ikiwa na mlio wake. Mkufunzi alikuwa mama mrefu mkavu aliyetembea katikati ya safu akigonga rula kwenye kiganja, na vidole vya wanafunzi vilitakiwa kufuata mdundo huo kama askari kwenye gwaride. Aliyeangalia mikono yake alifunikwa mikono kwa gazeti.

"Macho yakae kwenye maneno ya watu," alikuwa akisema. "Vidole vitajua njia yake."

Hapo marehemu, ambaye alikuwa msichana wa kusemewa, alijikuta ana mahali ambapo maneno yalimtoka bila mtu kumtangulia. Alijifunza chapa, hati mkato, kupanga faili, kupokea simu bila kuonyesha kwamba umechoka, na kutunza siri ya ofisi hata ikuwashe. Alimaliza mwishoni mwa 1973 akiwa wa kwanza. Mama yake alikibandika cheti ukutani kwa unga wa ngano uliokorogwa, na ndiyo maana hakikuweza kubanduliwa hadi nyumba ile ilipovunjwa.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika ofisi ya bima kuwa mpiga chapa. Sare ilikuwa sketi ya bluu nzito na blauzi nyeupe. Chumba cha wapiga chapa kilikuwa mwisho wa korido, mlango wa kijani, kitasa kilicholegea, na baada ya miaka mitano yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba hicho. Wakati huo kaka yake alikuwa ameshajaribu udereva, akajaribu kuuza redio, akajaribu kukaa. Marehemu aliingia kwa mkuu wa ofisi, akasimama mbele ya meza yake, akamwombea kazi. Kaka aliombewa kazi, akapewa kazi, akawekwa masijala kutunza mafaili. Jambo hili halijawahi kutajwa katika hotuba yoyote ya familia, kwa hiyo linatajwa hapa.

Ndoa yake ilitokana na utepe. Mashine zilikuwa na fundi wake, kijana mpole mwenye kisanduku cha bisibisi, aliyeitwa kila zinapoharibika. Ikafika wakati mashine ya marehemu ikawa inaharibika kuliko zote, na kila mara tatizo lilikuwa utepe umejisokota. Fundi alitengeneza bila kuuliza. Siku moja alisema, akiwa bado ameinama, "Dada, utepe huu haujisokoti wenyewe. Kama una la kuniambia, niambie, maana bosi wangu anadhani sijui kazi." Walioana Desemba 1977, wakajaliwa binti mmoja. Alikuwa mume mwema, asiye na kelele, na alifariki mwaka 2009. Marehemu anazikwa leo pembeni yake kama alivyoomba.

Sasa wasifu unaingia sehemu ya kazi, na msomaji anaombwa anywe maji kwanza. Glasi iko kulia kwake.

Msomaji huyu hakuwahi kusoma karatasi hii kabla ya kusimama hapa. Marehemu aliyajua hayo wakati anaandika, kwa sababu kaka yake hajawahi kusoma kitu kabla ya kukisoma mbele za watu, na hajawahi kusoma barua kabla ya kuitia sahihi. Siku zote alikuwa na mtu wa kumsomea. Marehemu alifanya kazi naye korido moja kwa miaka mingi na alimfahamu vizuri.

Pia, wanafunzi wa marehemu waliopo hapa wanaujua utaratibu wa imla. Darasani, Mwalimu alisoma, wao wakachapa, kisha mmoja akasimama kurudia kwa sauti. Aliyeruka mstari, darasa zima liliusoma mstari ule kwa pamoja. Utaratibu huo unatumika leo. Mstari ukirukwa, usomeni.

Septemba 1988 makao makuu ya kampuni ya bima yalitangaza kwamba mashine za chapa zinaondolewa na kompyuta zinaletwa. Kila tawi litoe mtu mmoja aende kozi, na atakayerudi na ujuzi huo ndiye atakayeongoza chumba kipya. Kwenye tawi lile hapakuwa na mjadala nani aende. Marehemu alianza hata kufikiria nani atamwangalia binti yake. Jina lilipotakiwa, yeye hakuwepo ofisini. Aliomba ruhusa ya asubuhi ile kumpeleka mama yake kliniki ya macho.

Mkuu wa ofisi alimwita kaka. Ofisini humo alikuwemo pia tarishi, ambaye alikuwa anapanga vikombe vya chai kwenye sinia, na yupo hapa leo, mzee mwenye kofia ya kijivu, safu ya tatu. Kama kumbukumbu ya msomaji ni tofauti, anaweza kumuuliza baada ya maziko.

"Dada yako yuko wapi?" mkuu aliuliza. "Wanataka jina leo hii. Yuko tayari kwenda?"

Kaka akashusha pumzi kama mtu mwenye mzigo. "Mkuu, niseme ukweli. Dada anasema hayapendi mambo hayo. Anaogopa. Anasema kile kioo kitampofusha, na umeme wake utamrusha. Amenituma niseme, kama inawezekana, niende mimi."

Hivyo ndivyo keki ilivyoliwa mara ya pili.

Marehemu aliporudi mchana alimkuta kaka anamngoja kwenye ngazi, uso umemshuka. "Dada, nimekupigania mpaka nimechoka," akamwambia. "Makao makuu wamesema wanataka mwanamume. Nikaona bora nafasi ibaki nyumbani kuliko iende kwa wengine." Marehemu alimshukuru. Jioni alimpigia pasi mashati yote ya safari, akamkunjia vizuri kola zisivunjike. Hapa marehemu anasema wazi kwamba katika mambo yote yaliyompata, mashati yale ndiyo yaliyomuuma kuliko yote alipokuja kuujua ukweli, na hadi anaandika maneno haya bado yanamuuma.

Kaka alirudi akijua kuwasha na kuzima. Mashine za chapa zilipakiwa kwenye lori, ile ya marehemu ikiwa juu kabisa, na yeye akahamishiwa dirisha la mapokezi kugawa fomu. Juni 1990 akapunguzwa kazini. Barua ya kumwachisha ilichapwa na kaka yake, kwa kidole kimoja, na haikuwa na pambizo hata kidogo. Marehemu aliumia kwa kupoteza kazi, akaumia na kwa pambizo.

Kisha ukaja utani. Kwenye kila harusi na kila kipaimara, kaka akishika kipaza sauti, ilikuwa lazima afike hapo: "Huyu dada yangu mnamwona? Aliikimbia kompyuta kama aliyeona nyoka!" Watu walicheka hadi machozi. Marehemu alidhani ni mizaha ya kaka, kuchangamsha ukumbi tu, akacheka nao. Lakini mwaka 1994, mama yao akiwa kitandani, siku chache kabla hajafa, alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, siku zile ungeacha uoga ukamsikiliza kaka yako, usingeachishwa kazi ya bima." Marehemu hakuelewa mama anazungumzia nini. Alidhani ni homa. Mama alikufa akiamini hivyo, na hilo halina wa kulirekebisha tena.

Baada ya kuachishwa kazi, marehemu hakukaa kulia. Aliingia darasa la jioni la kompyuta, ukumbi wa juu wenye taa zinazotetemeka, wanafunzi wote wakiwa wa umri wa kuwazaa. Mwalimu alikuwa kijana aliyemwita mama na kumkalisha nyuma asiaibike. Somo la kwanza la kuandika, marehemu alivua kitambaa cha kichwani, akafunika mikono yake kwa mazoea ya chuo, akaanza. Ukumbi ulinyamaza kumsikiliza. Somo la pili lilikuwa la kipanya, na hapo alikiinua hewani akakielekeza kwenye kioo, na ukumbi ukafidia ule ukimya kwa kicheko. Alicheka pia. Alimaliza kozi, akaendelea na ile ya juu yake, kisha akaomba amsaidie yule kijana kufundisha.

Mwaka 1992 alifungua chumba chake mwenyewe cha mafunzo ya kazi za ofisi, juu ya duka la viatu, chumba chenye feni moja iliyozunguka ilipotaka. Siku ya kwanza alichukua sketi ya bluu ya ile kampuni ya bima, akaikata kwa mkasi vipande vipande, akapinda kingo. Kila mwanafunzi alifunikwa mikono kwa kipande. Hapo ndipo lilipotoka jina la Mwalimu Kitambaa. Walikuja wasichana waliomaliza shule, akina mama waliofiwa na waume, dereva aliyevunjika mguu, hata mchezaji mpira mmoja aliyezeeka mapema. Aliwafundisha kuchapa, kupanga barua, majedwali, mafaili, simu, na baadaye barua pepe na mengine yalipokuja. Aliwafundisha pia namna ya kuingia mlangoni kwa mwajiri, na namna ya kutoka umekataliwa bila kukiburuta kiti.

Ilikuwa mwaka 1998 tarishi alipopanda ngazi zile na mjukuu wake wa kike. Alikuwa amestaafu. Aliangalia zile kompyuta na wale vijana, akatabasamu. "Mwalimu, kwa kweli Mungu mkubwa. Nafurahi ule uoga ulikutoka."

"Uoga gani, baba?"

"Si ule wa siku zile. Ulipotuma salamu kwa mkuu kwamba kioo kitakupofusha."

Marehemu alimvutia kiti, akamtaka aeleze. Mzee alieleza yote, sinia, vikombe, na maneno yalivyosemwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kupunguza sauti, kwa maana aliona uso wa mwenzake.

Marehemu alikasirika. Hakuna njia nzuri ya kuliandika hilo. Alikasirika hadi ufunguo ukamshinda kuingiza kwenye kitasa, mwanafunzi akamfungia mlango. Nyumbani alimweleza mumewe, na fundi, ambaye hakuwahi kupandisha sauti, alisimama akatafuta viatu vyake aende kwa shemeji yake wakati ule ule. Marehemu alimzuia.

"Kaa chini, baba watoto."

"Nikae? Mama yako amekufa anakuona mwoga!"

"Ndiyo maana nakwambia kaa. Nikisema mimi, watasema dada ana kinyongo. Uongo ule ulitoka mdomoni mwake, mbele za watu. Nataka ukweli utoke humo humo, mbele za watu hao hao. Nitangoja."

Fundi akavua viatu. Tangu siku hiyo marehemu alikuwa na jambo moja tu alilolitaka kwa kaka yake, na kila mtakachokisikia hapa alikifanya kwa ajili ya jambo hilo.

Kwanza aliwatumia wanafunzi wake. Kaka alikuwa ameshapanda kuwa afisa utawala wa tawi lile, mwenye mlango wake na kapeti, na sababu ya kupanda ilikuwa kwamba ndiye aliyekwenda kozi. Kuchapa alikuwa bado anadonoa kama kuku. Barua zake ziliandikwa na makatibu, na makatibu wa mji ule walitoka chumba cha juu ya duka la viatu. Kila aliyepata kazi pale, marehemu alimkalisha kabla hajaanza, akampa sharti moja la adabu. Wakubwa wengine wafanyieni kazi zao kama mlivyofundishwa. Yule mwenye kapeti, msimfanyie. Mwelekezeni.

Wa kwanza alikuwa yule mjukuu wa tarishi. Kaka alimtupia karatasi. "Niandikie hii, upesi."

Msichana alisimama, akavuta kiti chake mwenyewe, akakifuta kwa kiganja. "Karibu ukae, mkuu. Nitakuelekeza."

"Nimekwambia uniandikie!"

"Ndiyo, mkuu. Tunaanza na herufi ya kwanza. Iko chini ya kidole chako cha shahada."

Alimhamisha. Aliyekuja baada yake naye alivuta kiti. "Karibu ukae, mkuu." Na aliyefuata. Wote wapole, wote wanafika mapema, wote kazi zao safi, na mkuu wa tawi anawasifu, kwa hiyo hapakuwa na kosa la kuwafukuzia. Kaka alidonoa barua zake jasho likimtoka, mlango umefungwa, kwa miaka mingi. Alikwenda kwa dada yake kushtaki.

"Wasichana wako wana kiburi."

"Kiburi kipi, kaka? Wamekunyima kiti?"

"Kiti wamenipa!"

"Wamekutukana?"

"Hapana, wananiita mkuu. Lakini wewe umewafundisha nini wale watoto?"

"Nimewafundisha kompyuta, kaka. Wewe si ndiye uliyekwenda kozi?"

Kaka alimtazama, na marehemu alimtazama. Pale palikuwa na nafasi ya mtu kusema. Alichukua kofia yake akaondoka.

Pili, marehemu alianza kukaa mbele. Kila sherehe aliyosimama kaka kuongoza, yeye alikaa safu ya kwanza, katikati, mikono magotini. Ule utani wa nyoka ulipofika, ukumbi ukacheka, yeye alimwangalia kaka usoni, hakucheka wala hakununa. Kila mwaka kaka aliusema kwa haraka zaidi, na kila mwaka aliusema, kwa maana watu walikuwa wameshauzoea na walimwomba. Kuna waliomshauri marehemu amsamehe yaishe. Aliwajibu kwamba hajaombwa.

Sehemu ya ugonjwa na kifo iliandikwa na binti yake, nayo ni hii.

Mama alianza kuumwa moyo mwaka juzi. Miguu ilivimba, ngazi za darasa zikamshinda, akawaachia wanafunzi wake wa zamani wafundishe. Januari mwaka huu alilazwa. Aliomba aletewe kompyuta yake ndogo, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula inayopita juu ya kitanda, akawa anaandika kidogo kidogo kila alipopata nguvu. Mjomba alikuja kumwona na mfuko wa machungwa. Muuguzi alikuwa anapima presha, na mjomba, kwa kuchangamsha wodi, akamwambia, "Unamwona dada yangu huyu? Siku zile aliikimbia kompyuta kama aliyeona nyoka!"

Mama alikuwa anachapa wakati huo huo, mikono chini ya shuka alilolivuta hadi juu ya vibonye, macho kwenye kioo. Muuguzi aliangalia shuka linavyocheza, akaangalia mjomba, hakujua acheke au aache.

"Unaandika nini hapo?" mjomba akauliza.

"Wasifu wangu."

"Ah, dada, acha kujiombea mabaya. Utapona."

"Siponi, kaka. Utanisomea?"

"Nani mwingine? Nitausoma kwa heshima zote."

"Wote? Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Naapa kwa mama."

Mama aliacha kuchapa. "Unataka kuuangalia kwanza?" akamuuliza. Alimgeuzia ile kompyuta kabisa, kioo kikawa mbele ya macho yake. Binti alikuwa amesimama dirishani na aliona. Mjomba alipunga mkono. "Hapana, hapana, nitauona siku hiyo. Wewe pumzika," akamenya chungwa.

Mama alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi, usingizini. Kompyuta ilikuwa imezimwa vizuri na wasifu umehifadhiwa mahali pawili.

Kuanzia hapa maneno ni ya marehemu tena.

Ameacha jambo moja halijamalizika, na litamalizika sasa. Mstari unaofuata ni wa kaka yake. Umeandikwa kwa neno mimi kwa sababu marehemu alisemewa maisha yake yote, akachoka, na anataka angalau leo Msemaji ajisemee. Ameapa kwa mama. Wanafunzi, huu msimsomee hata akiuruka. Huu hausomwi kwa pamoja. Mngojeni. Akinyamaza, nyamazeni naye, msikohoe, msimpe njia ya kutokea. Jua likiwachoma kichwani vumilieni. Kati ya wote waliopo hapa, marehemu ndiye asiye na haraka.

Mimi ndiye niliyesema dada yangu anaogopa. Hakuwa anaogopa. Hakunituma. Nilitaka nafasi yake, nikamdanganya mkuu, nikamdanganya yeye, nikamwacha mama afe na uongo wangu.

Asante, kaka.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja na wajukuu wawili, ambao mkubwa anachapa bila kuangalia na mdogo bado anadanganya kwa kuchungulia chini ya kitambaa. Ameacha chumba cha mafunzo juu ya duka la viatu, feni ile ile, na wanafunzi walio katika ofisi nyingi kuliko anavyoweza kuzitaja. Ameacha rafiki mmoja mzee, tarishi, aliyemwambia ukweli bila kujua anamwambia nini. Ameacha kaka mmoja. Kuhusu msamaha, hakuacha maagizo. Alisema amengoja vya kutosha kwa upande wake, na sasa ni zamu ya mwingine kungoja.

Yule mjukuu wa tarishi amesimama safu ya mbele, na kiti ameshakivuta, ameshakifuta. Karibu ukae, mkuu. Dada anasema sasa atapumzika kwa amani, na safari hii amesema mwenyewe.